Kiangazi Tulichokaa Juu ya Jabali Akhdhar

Jiwe la chokaa lililoungua na jua tangu asubuhi, likipigwa ghafla na mvua ya baridi, hutoa harufu ambayo sijaikuta penye udongo. Siyo ile harufu ya vumbi la Tabora wakati mvua za kwanza zinapoanguka, nzito na tamu, inayomfanya mtu atamani kuonja ardhi. Hii ni kavu hata ikiwa imelowa, ina ukali kidogo wa baruti na ubaridi wa chungu kipya, na hupita upesi; kabla hujamwambia mwenzako kwamba umeinusa, imekwisha. Niliinusa mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi na mmoja, katika kiangazi tulichokaa juu ya Jabali Akhdhar. Maana ya jina hilo ni Mlima wa Kijani, lakini mtu anayeutazama kutoka Nizwa, bondeni, haoni kijani chochote. Anaona ukuta wa mawe ya rangi ya majivu umesimama mpaka juu, na mikunjo yake hubadilika rangi kutwa nzima, asubuhi ya waridi, adhuhuri nyeupe ya kuumiza macho, jioni ya zambarau. Miaka miwili nilikuwa nimeutazama ukuta ule kutoka dirisha la chumba chetu bila kudhani kwamba kuna watu wanaoishi juu yake, wanafuga, wanachuma matunda na kutandika mablanketi mwezi wa saba.

Tulikuwa tumehamia Nizwa katikati ya miaka ya tisini tukitokea Tabora, ambako babu mzaa baba alifika kijana akitokea upande wa Ibra, nchi ya Waomani, na hakurudi tena. Baba ndiye aliyerudi. Alikuwa muuguzi, akapata kazi hospitalini, akatuita: Mama, mimi, na mdogo wangu Hilal aliyekuwa hajaanza shule. Kwa Baba ilikuwa ni kurudi kwao, japokuwa alikuwa hajawahi kufika. Kwa Mama haikuwa hivyo. Mama alizaliwa Tabora, mama yake ni Mnyamwezi, na Kiarabu chake kilikuwa cha sala na cha salamu. Majirani wa Nizwa walikuwa watu wema, walituletea tende na halua siku za sikukuu, waliulizia afya zetu mmoja mmoja mpaka yule mtoto mdogo. Kisha maneno ya Mama yalikwisha, akabaki anatabasamu na kikombe cha kahawa mkononi, na wao nao wakabaki wanatabasamu. Kule Tabora nyumba yetu haikukaukiwa na wageni na Mama alikuwa mtu wa kucheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa khanga. Nizwa nilimsikia akiimba tu, tena taratibu, anapofua, na siku nyingine hakuimba.

Kiangazi kile hospitali ilitaka mtu wa kushika zamu katika kituo kidogo cha afya juu mlimani, na Baba akakubali, akidhani ubaridi utampendeza Mama. Mama alikubali kwa sharti. Sharti lenyewe nililijua kwa sababu aliniambia mwenyewe, tukiwa tunafunga vyombo kwenye masanduku, bila kunitazama.

"Nasra, huko juu usikuzoee sana. Shule zikikaribia kufunguliwa, mimi na nyinyi tunarudi kwa bibi yenu. Baba yako anajua. Kama moyo wangu utatulia huko, sawa. Usipotulia, tunaondoka."

Nilifurahi, tena sana. Nilianza kupanga ndani ya kichwa vitu nitakavyowahadithia binamu zangu. Nilikuwa nimechoka kuchekwa shuleni kwa Kiarabu changu, nimechoka kuitwa Mzinjibari na wasichana, ilhali hata Zanzibar yenyewe mimi sijaikanyaga. Kwa hiyo nilipanda gari la hospitali siku ile nikiwa msafiri wa kupita, nikiuhesabu mlima kuwa kituo tu katika safari ya kurudi kwa bibi.

Barabara ya lami ilikuwa bado. Palikuwa na kizuizi cha askari chini, wakatazama kama gari letu ni la kupanda milima, wakaturuhusu, na baada ya hapo ikawa ni kifusi, kona na vumbi. Gari lilipanda likiwa limeinua pua na sisi nyuma tumelaliana. Masikio yaliziba, Hilal akalia, dereva akatufundisha kumeza mate. Mama alifumba macho tangu kona ya kwanza na midomo yake haikuacha kusoma dua. Mimi sikuweza kufumba yangu. Miti ya mikwaju na migunga ya bondeni iliisha, ikaja minyonge yenye miiba, ikaisha nayo, ukawa mwamba mtupu umelala tabaka juu ya tabaka mfano wa vitabu vilivyoangushwa. Halafu hewa ikabadilika. Dereva alifungua kioo na ubaridi ukaingia mle ndani, ubaridi hasa, mwezi wa sita, wakati Nizwa watu walikuwa wanamwagia maji sakafu ili walale. Mlima ulifunguka, ukawa uwanda mpana wa mawe na vichaka, na huko mbele uwanda ulikatika ghafla kwenye korongo ambalo sikuona chini yake. Pembeni mwa korongo hilo, vijiji vilikuwa vimejibandika, na chini ya kila kijiji ngazi za mashamba zilishuka, kijani kibichi, na maji ya mifereji, ambayo Waomani huiita falaji, yaking'aa kutoka ngazi hadi ngazi.

Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili, nyuma ya kituo cha afya, na dirisha la chumba cha kulala lilitazama korongoni moja kwa moja. Jambo la kwanza alilolifanya Mama ni kulikata boksi la vyombo na kuliziba dirisha lile. Alisema hawezi kulala anaona kwamba dunia imeisha pale. Baba hakumbishia. Ikawa hivyo: nje, mlima mzima ulikuwa umemwagika mbele yetu, na ndani taa inawaka mchana.

Wa kwanza kutugongea alikuwa jirani yetu wa karibu, Thuraya. Alikuwa mjane wa umri wa Mama au zaidi kidogo, mwembamba, mwepesi wa miguu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuzungumza na aliye upande wa pili wa bonde. Alifuga mbuzi. Binti zake wawili walikuwa wameolewa Maskati, na mbuzi ndio waliokuwa riziki yake na mazungumzo yake. Aliwaita kwa majina, akawagombeza kwa majina, akawatukana wazazi wao. Jike kubwa jeusi lililoongoza kundi alilifunga shingoni redio ndogo nyekundu ya betri, ndani ya mfuko wa kitambaa, ili kundi likipotea nyuma ya majabali aweze kulisikia lilipo. Nimewahi kukaa juu ya mwamba kule nikasikia kwa mbali, kutoka mahali pasipoonekana mtu wala nyumba, sauti nzito ya mtangazaji ikieleza hali ya hewa ya nchi za Ghuba, na mbuzi wakijibu.

Thuraya alimwita Mama "Umm Hilal," kwa jina la mwanawe wa kiume, kama ilivyo desturi ya huko, na hakujali kama Mama anaelewa au haelewi, alizungumza tu. Mama alimkaribisha, akatabasamu lile tabasamu lake la Nizwa, wakanywa kahawa. Thuraya aliponiona nimekaa kitako kando sina kazi, alimwomba Mama nimsindikize machungani. Mama akaniruhusu, nadhani ili abaki na ukimya wake.

Hapo ndipo nilipouona mlima. Siku za mwanzo nilimfuata Thuraya kwa hatua fupi fupi, maana mawe yale ni makali, yamechongwa na maji yakawa na meno, na mtu asiyeyazoea huchanika viatu. Alinionyesha pa kukanyaga. Alinionyesha makomamanga machanga chini ya ngazi za mashamba, yamefungwa kwa vitambaa yasiliwe na ndege, na mijozi mirefu ambayo kivuli chake ni kizito hata ukikaa unaomba shuka. Tukipanda zaidi, mashamba yalibaki chini na tukaingia kwenye mizeituni ya mwitu yenye shina lililosokotwa, na juu zaidi mitarakwa. Hiyo mitarakwa sijui niielezeje. Ni miti mizee. Haiko msituni pamoja, kila mmoja umesimama peke yake penye ufa wake wa mwamba, nusu yake imekufa na kuwa mbao ya rangi ya fedha, nusu nyingine ina majani mabichi na vijitunda vya buluu. Ukivunja kijani chake kidogo, mkono wako hunukia mpaka kesho. Thuraya aliniambia kwamba bibi yake aliijua miti hiyo hiyo, kwa unene huo huo.

Na wanyama walikuwapo, ila hawajionyeshi kwa mtu mwenye haraka. Mjusi mwenye mkia wa buluu ya kung'aa alipita juu ya jiwe akapotea kabla hujasema tazama. Kalunguyeye alijikunja kuwa mpira wa miiba chini ya kichaka, nikamkalia chonjo karibu saa nzima ili nione pua yake. Kwale walilipuka miguuni petu wakanishtua moyo. Punda wasio na mwenyewe walisimama katikati ya uwanda wakitazama upepo. Juu kabisa walizunguka tumbusi weupe wenye uso wa manjano, hawapigi bawa, na kwa kuwa sisi wenyewe tulikuwa juu sana, mara nyingine tuliwaona kwa mgongo, wakipita chini yetu korongoni, na kivuli chao kikitambaa kwenye ukuta wa upande wa pili. Mbweha nilimwona mara moja, alikuwa anakunywa falaji asubuhi kwa adabu. Na ndani ya mawe yenyewe tulikuta kombe na konokono wa baharini, wamegeuka jiwe, juu huko ambako bahari ni safari ya saa nyingi kwa gari. Hilal aliijaza mifuko yake mpaka suruali ikawa inamwanguka.

Lakini mnyama ambaye Thuraya alimtaja zaidi ni yule ambaye sikumwona. Alimwita "wal". Ni mbuzi wa porini, alisema, si mbuzi aliyetoroka zizini, ni wa asili, anaishi kwenye kuta ambako hata mjusi hufikiri mara mbili. Hilal aliposikia aliniuliza kwa nini mama yule anatafuta wali majabalini. Siku hiyo hiyo Thuraya alikuwa ametuletea matunda madogo meusi ya mwitu yanayoitwa "but", na Mama, aliposikia kwamba tumekula buti na kutafuta wali, alicheka. Alicheka kidogo tu, kwa pumzi ya puani, lakini mimi na Baba tulitazamana. Thuraya alisema alipokuwa msichana aliwaona wal hao mara nyingi, sasa ni miaka hajamwona hata mmoja. Watu waliwawinda, na mbuzi wa kufugwa, wakiwamo wake, wameongezeka na kula kila jani. Alilisema hilo bila kujitetea, akiwatazama mbuzi wake.

Wiki zilipita hivyo na mimi nikaanza kuwa na shida ambayo sikuweza kumwambia mtu. Sikutaka tena kuondoka. Kiarabu changu kilikuwa kimeanza kufunguka kwa sababu mbuzi hawamcheki mtu, na Thuraya akinisahihisha alinisahihisha kama alivyowasahihisha mbuzi, kwa kelele na bila dharau. Kila jioni nilirudi na jambo jipya kifuani na kila jioni nilimkuta Mama amekaa mgongo kwa lile boksi la dirishani, anashona au hashoni. Kumwambia kwamba napapenda ilikuwa sawa na kumwambia abaki peke yake na huzuni yake. Kwa hiyo nilinyamaza, nikala, nikalala.

Kisha ikaja mvua ya mawe. Ilikuwa mchana, Baba ameteremka Nizwa na mgonjwa. Thuraya siku hiyo alikuwa amewaacha mbuzi juu peke yao, akarudi nyumbani kukanda mkate. Anga lilikuwa safi, likaja wingu moja kutoka upande wa Maskati, likakaa juu yetu, na barafu ya ukubwa wa karanga ikaanza kuanguka, halafu ya ukubwa wa ndimu. Paa la bati la kituo lilinguruma tusisikilizane. Hilal alijificha chini ya kitanda. Haikuchukua muda, lakini ilipokwisha uwanda ulikuwa mweupe, na ndipo ile harufu niliyoitaja ikapanda kutoka kila upande. Baada ya kitambo mbuzi walirudi mmoja mmoja, wengine wanachechemea, lakini nusu ya kundi haikurudi, na jike jeusi lenye redio halikuwamo.

Thuraya alikuja mlangoni. Alikuwa hazungumzi kwa kelele, na hilo lilinitisha. Alimwomba Mama anipe mimi nikamsaidie kutafuta, maana macho ya mtoto ni mazuri. Mama alinitazama mimi, akatazama ule weupe nje, akatazama anga. Kwa Kiarabu chake cha kuokoteza akasema:

"Binti peke yake, hapana. Mimi naye, ndiyo."

Alimfungia Hilal koti, akampeleka kwa mke wa mlinzi wa kituo, akavaa viatu vya Baba juu ya soksi mbili, akajifunga khanga kiunoni juu ya nguo yake. Hakuwahi kupita ua wa nyumba ile tangu tufike. Tulipanda. Mara ya kwanza alipoteleza alinishika bega. Mara ya pili alimshika Thuraya. Mara ya tatu hakuteleza. Tulipofika kwenye mitarakwa, majani yamechanwa na barafu na kila kitu kinanukia, ukungu ulianza kupanda kutoka korongoni. Sijaona kitu kinachokwenda kimya namna ile. Ulifika magotini, ukafika vifuani, na mara mti uliokuwa hatua chache mbele haukuwapo tena. Thuraya alituvuta sote wawili mpaka chini ya jabali lililotokeza mfano wa baraza, akasema hapa tunakaa, anayetembea kwenye ukungu huu anatembea hewani.

Tulikaa tumebanana, Mama katikati. Thuraya aliita kundi, akanyamaza kusikiliza redio, hakusikia kitu. Akaita tena. Kisha akaanza kulia, bila sauti, anajifuta kwa kiganja. Mama hakuwa na maneno ya kutosha ya kumfariji kwa lugha yake, kwa hiyo alifanya kitu cha kwao: alimfunika mgongo kwa khanga na kuuliza. Aliuliza habari za yule jike, amenunuliwa wapi, amezaa mara ngapi. Kiarabu chake kilikuwa kibovu, vitenzi vyote vya kiume, idadi zote za umoja. Nilitaka kumsaidia, akanizuia kwa kiwiko. Thuraya akamjibu. Mama akakosea tena, Thuraya akamsahihisha, akakosea kwa namna nyingine, na yule mama akacheka katikati ya machozi. Akamweleza kuhusu binti zake walioteremka Maskati na hawapandi ila sikukuu, jinsi nyumba inavyokuwa kubwa mtu akibaki peke yake. Mama alimwelewa. Akamweleza kuhusu Tabora, miembe mirefu ya barabarani, mizinga ya nyuki ya baba yake iliyotundikwa mitini, mama yake ambaye hajui kama atamwona tena. Alipokosa neno alilisema kwa Kiswahili na kulionyesha kwa mikono. Miaka miwili sikuwa nimemsikia Mama akizungumza muda mrefu hivyo na mtu asiye wa nyumba yetu.

Ndipo Thuraya akamgeukia na kumuuliza, "Jina lako wewe nani? Si la mwanao. Lako."

"Zuhura," Mama alisema.

Thuraya alilirudia, akafurahi. Akamwambia kwamba Zuhura ni nyota ya alfajiri, na Thuraya ni lile kundi la nyota ambalo wakulima hulitazama. "Nyota mbili," akasema, "na hakuna anayeziona." Mama alicheka. Alicheka kwa sauti yake ya Tabora, mwili wote, mpaka akatafuta upindo wa khanga, na upindo ulikuwa mgongoni kwa mwenzake.

Sijui tulikaa muda gani. Najua kwamba mwanga ulibadilika ukawa wa maziwa, halafu wa manjano, na upepo ukaupasua ukungu mbele yetu kutoka juu mpaka chini, kama pazia linalovutwa. Ukuta wa upande wa pili wa ufa wa korongo ulitokea, karibu mno, umelowa na unameta. Na juu ya ukingo mwembamba wa mwamba, mahali ambapo mimi nisingeweza kuweka hata kiganja, alisimama mnyama. Nilidhani ni mmoja wa mbuzi wetu. Kisha nikaona manyoya marefu ya rangi ya kahawia yanayodondosha maji, pembe fupi nene zilizopinda kwa nyuma, mstari mweusi uliopita usoni. Ubavuni pake, amejibana kwenye tumbo lake, palikuwa na mtoto. Alitutazama. Thuraya alinikamata mkono akaubana mpaka ukaniuma, wala hakuhitaji kuniambia kwamba huyo ndiye wal. Mtoto alijaribu kunyonya, mama yake akasogea kwato moja akampa nafasi, pale pale juu ya shimo, bila haraka, kama aliyeko uani kwake.

Mama alitamka kwa Kiswahili, polepole, nadhani hakujua kwamba amesema: "Na huyu naye anaishi hapa."

Halafu kutoka chini yetu, hafifu, yenye mikwaruzo, ikapanda sauti ya mwanamume akisoma bei za samaki. Mnyama alitikisa sikio, akageuka pale ambapo hapakuwa na nafasi ya kugeukia, akaruka, na mtoto wake akaruka nyuma yake. Ukuta ukabaki mtupu. Sisi tulikuwa tumesimama, tunaifuata redio.

Tuliwakuta kwenye shimo la mwamba, wamesongamana, jike jeusi mbele yao amelowa na amekasirika. Mmoja tu alikuwa amekufa, beberu mchanga aliyeanguka. Thuraya alimfumba macho kwa mkono wake akamwacha pale, na kesho yake tumbusi walishuka duara baada ya duara. Nilijua wameshuka kwa sababu Mama ndiye aliyeniita niwaone. Alikuwa amesimama dirishani. Boksi lilikuwa sakafuni.

Sitaki kusema kwamba mnyama yule ndiye aliyembadilisha Mama. Nimesikia watu wakiisimulia hivyo, hata Baba hupenda kuisimulia hivyo. Ninavyoona mimi, alikuwa amekwisha kubadilika chini ya jabali, kabla ukungu haujafunguka. Au tuseme alipata mtu, na alipoona kitu cha ajabu tayari alikuwa na wa kumhadithia. Kwani siku zilizofuata walihadithiana jambo lile lile asubuhi na jioni, ingawa wote wawili walikuwapo, kila mmoja akiongeza pembe urefu. Mama alianza kwenda machungani. Aliona nyuki wa mwitu kwenye ufa, akamweleza Thuraya namna baba yake alivyowatundikia mizinga, na wiki nzima walihangaika na gogo la mtende ambalo nyuki hawakulitaka.

Shule zilipokaribia, Baba alisubiri. Nilimwona anasubiri, anaingia jikoni, anatoka. Mwishowe alisimama mlangoni, Mama akiwa ameketi na ungo wa mchele mapajani, akamuuliza kama aanze kushughulikia safari yetu ya kurudi Tabora. Nilikuwa nyuma ya Baba, nachungulia.

Mama hakuinua macho kwenye mchele. "Thuraya anasema makomamanga yanaanza kuiva mwezi wa tisa," alisema. "Nimemwambia nitamsaidia kuchuma."

Baba akavua viatu, akaketi chini karibu naye, akaanza kutoa mawe kwenye mchele, kazi ambayo sijawahi kumwona akiifanya kabla wala baada. Mimi nilitoka nje nikakimbia mpaka ukingoni mwa korongo, nikasimama pale upepo ukinipiga, sina la kufanya na furaha ile.

Baba aliomba abakishwe kituoni, nasi tukakaa mlimani mpaka nilipoingia sekondari. Bibi wa Tabora alituona tena, tulikwenda, tukarudi. Thuraya alifariki mwaka ambao barabara ya lami ilikuwa imekwisha kufika juu, na Mama, ambaye sasa anaishi nasi Nizwa na goti lake halimruhusu kupanda, ana wale binti wawili wa Thuraya ambao humpigia simu kila Ijumaa na kumwita mama mdogo. Kiarabu chake bado kina vitenzi vya kiume. Hakuna anayekisahihisha tena.

Mimi hupanda. Sasa ni mwendo mfupi, gari halitetemeki, na mahali tulipokuwa tunaona punda tu pana hoteli zenye ukuta wa kioo ambako wageni hulipia kuliona korongo lile. Sina kinyongo nazo; vijana wa vijiji wamepata kazi karibu na mama zao. Yapo yanayoniuma. Mitarakwa ya chini inakauka, kiangazi kimekuwa kikali kuliko nilivyokikuta, na falaji nyingine zimebaki mifereji mitupu. Lakini mwaka jana kijana mmoja wa kike anayefanya kazi ya ulinzi wa mlima alinionyesha kwenye simu yake picha zilizopigwa na kamera walizozificha miambani. Kulikuwa na mbweha, kulikuwa na paka mwitu, na kulikuwa na wal, mmoja baada ya mwingine, madume yenye manyoya ya shingo, majike, watoto wawili wakipigana vichwa. Hawawindwi tena, aliniambia, na sehemu nyingine mbuzi wa kufugwa wamezuiwa. Alizungumza kwa fahari ya mtu anayeonyesha picha za harusi ya kwao.

Siku hiyo nilikuwa na binti yangu, anayesoma chuo, ambaye Kiswahili chake ni cha simu na cha jikoni. Tulipanda mpaka kwenye mitarakwa mizee. Chini ya mmoja uliokufa nusu, kwenye kivuli chake, akaona mche. Haukufika kifundo cha mguu. Alichuchumaa akautazama kwa muda, akaugusa kwa kidole.

"Mama, mti hii itakuwa kubwa lini?"

Nilitaka kumsahihisha, nikaacha. Nikamwambia utakuwa mkubwa wajukuu wa wajukuu zake watakapokuwa watu wazima. Alilifikiria hilo. Kisha akakusanya mawe madogo, akaupangia mche ule duara kuuzunguka ili asije mtu akaukanyaga, akayapanga taratibu, jiwe kwa jiwe, na mimi nikakaa kumngoja, maana hatukuwa na haraka ya kushuka.